Maji Yanakwenda Wapi

Nyuma ya kiti cha dereva, katika pikapu aliyoniachia baba, kulikuwa na dumu la lita tano lililowahi kuwa la mafuta ya kula. Sikuwahi kulikuta tupu. Baba alilijaza jioni kabla hajaingia ndani, na asubuhi, kabla ya chai, alifungua boneti, akazungusha mfuniko wa rejeta, akamimina mpaka maji yakafika shingoni. Alifanya hivyo kama mtu anavyopiga mswaki. Nilipomuuliza sababu, nikiwa kidato cha pili, alinijibu, "Hili gari linapenda maji. Ndiyo tabia yake."

Baba alipofariki nikairithi pikapu, nikarithi dumu, na jibu lake nikalirithi pia. Kila aliyepanda nami akauliza maswali juu ya dumu lile nilimwambia kuwa ndiyo tabia yake.

Ni gari la dizeli, silinda nne, namba A. Kwetu Tanzania ukishasema namba A umetaja umri. Nafundisha fizikia katika sekondari moja ya Iringa mjini, na mama yangu anaishi Ilula, mwendo usiofika saa moja ukishuka na barabara kuu ya kwenda Morogoro. Jumamosi nilikuwa nikienda kumwona, na msimu wa nyanya ukifika napakia matenga ya majirani. Mara nyingine nilishuka hadi Ruaha Mbuyuni kuchukua vitunguu, na hapo hakuna njia ya kurudi isipokuwa kuupanda mlima Kitonga. Vijana siku hizi wakipata kitu cha bure wanakiita kitonga, kwa kuwa gari linaloshuka pale halihitaji nguvu. Anayeupanda mlima ule na shehena ya vitunguu hawezi kulitumia neno hilo hivyo.

Mwanzo gari lilikuwa likinywa nusu lita kwa siku mbili tatu. Kisha nusu lita kila siku. Kisha lita. Nilizoea kila kiwango kipya kama nilivyozoea kile cha zamani, na hili ndilo linalonisumbua zaidi ninapolikumbuka. Hakuna asubuhi hata moja ambayo maji yaliongezeka ghafla kiasi cha kunishtua. Yalikuwa yakiongezeka kwa kikombe, na kikombe kimoja hakimshtui mtu mwenye dumu.

Nilitandika maboksi chini ya injini usiku. Asubuhi yalikuwa makavu. Nikapapasa mipira ya rejeta, mikavu. Nikainua zulia upande wa abiria kuona kama hita inavuja kwa ndani, kavu. Nikajiridhisha kwamba gari halivuji. Mtu ambaye kila mwaka huwaambia watoto wa watu kwamba maada haipotei, hubadilika hali tu, nilikuwa nimekubali kwamba lita nzima inatoweka kila siku na haiendi popote.

Nieleze kidogo jinsi maji yanavyokaa ndani ya gari, maana bila hilo sehemu inayofuata haitaeleweka. Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Sufuria isiyobanwa mfuniko huchemka kwetu kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama kwa watu wa pwani. Injini ya dizeli iliyopata moto wake wa kawaida huwa kwenye nyuzi 80 na kitu, na ikibebeshwa mzigo mlimani inapanda hadi 90 na kupita. Kwa hiyo gari la nyanda za juu linatembea jirani kabisa na mchemko. Kinacholiokoa ni mfuniko wa rejeta. Watu wengi wanaudhani kuwa kizibo tu, kama cha chupa, kumbe ndani una springi na mpira, na unabana mpaka presha ya ndani izidi ya nje kwa baa 0.9 hivi. Ukibana hivyo, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Presha ikizidi, mfuniko huruhusu kiasi kutoka kwenda kwenye chupa ya akiba; injini ikipoa, huyavuta maji yale yarudi. Mfumo mzima ni kama pumzi, unatoa na kuvuta, na gari zima halitakiwi kuongezwa maji miezi na miezi.

Jumamosi moja, nusu ya Kitonga, na vitunguu nyuma, mshale wa joto ulipanda wote. Nilisogea kando, gari likachemsha. Malori yalikuwa yakipita kwa gia ya chini, taratibu, madereva wakituangalia. Utingo wa lori moja aliruka, akatia mawe nyuma ya matairi yangu bila kuombwa, akalikimbilia lori lake. Nilikaa pale karibu saa mbili nikisubiri injini ipoe, kwa sababu rejeta ya moto haifunguliwi. Mvuke uliobanwa unaweza kumchuna mtu uso. Dumu lilikuwa limeshakwisha chini ya mlima. Nilimpa kijana mmoja dumu hilo akashuka korongoni kutafuta maji, akarudi nayo yakiwa na rangi ya udongo. Nikayamimina.

Gereji ya kwanza walinipa jibu kabla sijazima gari vizuri. "Ticha, hiyo gasketi ya silinda hedi imekwenda. Maji yanaingia ndani yanaungua." Gharama waliyonitajia ilizidi mshahara wangu wa mwezi. Gereji ya pili walisema hedi yenyewe imepasuka. Ya tatu walinishauri nimwage ndani ya rejeta unga wa kuziba, nisahau. Siwalaumu. Gasketi huungua kweli, na gari la dizeli likichemsha mlimani, gasketi ndiyo ya kwanza kushukiwa. Lakini wote watatu waliliangalia gari likiwa limesimama, limepoa, kwa dakika zisizofika kumi, na wote walinijibu swali ambalo hawakuwa wameliuliza.

Kwa mzee mmoja wa Ipogolo, hapo hapo Iringa, nilielekezwa na mwalimu mwenzangu. Ni fundi wa siku nyingi, gereji yake ni mwembe na kontena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Gari lina nini?"

"Linapoteza maji."

"Linayapoteza likitembea au likilala?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote ile nilijua kiasi kinachopotea, sikujua saa kinapopotea. Mzee hakushika spana. Alijaza rejeta hadi shingoni, akachora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye chupa ya akiba, akanirudisha nyumbani. Nikae na gari wiki nzima. Jioni likishapoa niandike yalipo maji, asubuhi kabla ya kuwasha niandike tena, kisha nitembee, lipoe, niandike. "Usiongeze mpaka umeandika," alinionya, na ilinibidi nijizuie hasa, kwa kuwa mkono ulikuwa unakwenda kwenye dumu wenyewe.

Katikati ya wiki hiyo ya daftari ndipo nilipokwenda Ilula.

Mama aliniruhusu niyaandike haya. Nilimkuta barazani, jagi la maji pembeni mwa kiti. Alikunywa kikombe, akajimiminia kingine, akanywa, na mtoto wa dada yangu akachukua jagi kwenda kulijaza bila kutumwa, kama mtu aliyezoea. Nilikuwa nimemletea katoni ya juisi ya embe, kama kawaida yangu ya miezi kadhaa, kwa sababu alilalamika kinywa kinakauka na hana nguvu, nami niliona anahitaji kitu chenye utamu kimrudishie nguvu. Jirani aliyekuwa amekuja kusalimia akasema, "Mama yenu siku hizi kwa maji hamumwezi." Nikafungua kinywa kujibu. Jibu lililokuja lilikuwa hili: mama anapenda maji, ndiyo tabia yake.

Sikulisema. Nililisikia kichwani kwa sauti ya baba, na nikanyamaza.

Kwa kawaida nilikuwa nafika saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi jioni. Siku ile nililala. Usiku nilisikia mlango wa mama ukifunguliwa, kandambili zikivuka ua kwenda chooni, zikirudi. Nilihesabu mara tano. Asubuhi nilimuuliza yule mtoto, akanijibu kwa urahisi kabisa, "Bibi huwa anatoka hivyo kila usiku. Na sisimizi wanajaa pale bafuni." Alikuwa anajua yote. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi nilikuwa namwona mama mchana wa Jumamosi, amevaa vizuri, amekaa, amefurahi kwamba nimekuja. Nilimwona kama zile gereji tatu zilivyoliona gari langu.

Kituo cha afya walimtoboa kidole, tone moja la damu, sekunde chache. Kipimo kilisoma 19 na pointi. Muuguzi hakupandisha sauti, alimwita tu mwenzake aje aone. Nilielewa maelezo yake haraka kuliko nilivyotaka. Sukari ya damu ikipanda kupita 10 hivi, kwa kipimo cha milimoli kwa lita, figo hazimudu kuirudisha yote mwilini, inatoka na mkojo, na inapotoka inavuta maji. Mtu anakojoa sana, mwili unakauka, kiu inakuja, anakunywa, anakojoa tena. Maji hayakuwa yanapendwa. Yalikuwa yanakimbia, na mama alikuwa akiyafuata kwa jagi. Muuguzi akauliza anakula nini, anakunywa nini. Mama akanitazama kidogo, kisha akasema, "Mwanangu huniletea juisi." Alilisema kwa fahari.

Nilirudi kwa mzee wa Ipogolo siku tano baadaye na daftari. Gari likilala lilikuwa halipotezi hata tone. Kila mzunguko wa mjini, kikombe. Safari ya Ilula na kurudi, lita na zaidi. Mzee alisoma ukurasa ule kama daktari anavyosoma kadi. Kisha akaanza kuiondoa gasketi kwenye orodha, hatua kwa hatua, akinionyesha. Alichomoa kijiti cha oili: oili nyeusi, safi, haina povu la rangi ya maziwa. Aliwasha gari asubuhi likiwa baridi, rejeta iko wazi: hakuna mapovu yanayopanda. Moshi wa ekzosi haukuwa mweupe, wala haukuwa na ile harufu tamu tamu ya kulanti, kile kimiminika cha kupozea injini. Mpira wa juu wa rejeta, baada ya usiku mzima, ulikuwa laini, haukubaki na presha iliyovuja kutoka kwenye silinda. "Gasketi ikiungua huwa ina mashahidi," alisema. "Hapa simwoni hata mmoja."

Mfuniko wa rejeta ndio aliouonea shaka. Mpira wake ulikuwa mgumu kama kucha, umepasuka. Akanipa mpya. Nikashukuru, nikalipa, nikaondoka na uhakika kwamba ugonjwa umekwisha.

Kesho yake gari lilipoteza lita mbili kabla ya saa sita mchana.

Nilimrudia na hasira, nakiri. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Sasa linabana." Ilinichukua muda kuelewa furaha yake. Mfuniko wa zamani ulikuwa haushiki presha; maji yalikuwa yakitoka taratibu kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuyasukuma, na gari lilikuwa likichemsha mlimani kwa sababu hiyo hiyo. Mfuniko mzima umerudisha presha, na presha imelikuta tundu lililokuwapo siku zote. Kwa ile dawa sahihi hali ikawa mbaya zaidi, ndipo ikaonekana. Wiki hiyo hiyo mama, ameacha juisi, ameacha soda, ameanza vidonge, alinipigia simu kusema anajisikia vibaya kuliko mwanzo, anasikia kizunguzungu na kutetemeka, na anataka kuviacha. Singekuwa nimetoka chini ya mwembe ule, ningemwambia aviache. Nilimwambia tumpigie muuguzi kwanza. Muuguzi akasema apimwe siku hiyo hiyo na asiache kitu mwenyewe. Mwili uliokaa na sukari nyingi muda mrefu huweza kusikia hivyo inaposhuka, hata kama haijashuka kupita kiasi.

Mzee alifunga pampu ya mkono kwenye shingo ya rejeta, akapandisha presha hadi 0.9, tukasubiri. Mshale ulishuka polepole, lakini injini ikiwa baridi hatukuona tone. Akawasha gari, akaliacha lishike moto vizuri, akazima, akapampu tena. Safari hii alichukua kioo kidogo cha kunyolea ndevu na tochi, akakiingiza nyuma kabisa ya injini, kati ya hedi na ukuta wa kibini, mahali ambapo mkono wa mtu mzima haupiti. Akaniita. Ndani ya kioo niliona bomba la chuma linalopeleka maji ya moto kwenye hita, na juu yake mchirizi mweupe uliokauka, wenye rangi ya kutu pembeni, kama alama ya machozi kwenye shavu la mtoto aliyelala akilia. Mwanzo wa mchirizi kulikuwa na tundu lisilozidi ncha ya sindano. Kutoka humo, kwa presha ile, ukungu mwembamba ulikuwa unaruka moja kwa moja hadi kwenye bomba la ekzosi, na ekzosi ilikuwa ya moto. Ukigusa chuma kile unageuka mvuke, upepo unauchukua. Ndiyo maana maboksi yangu yalikuwa makavu. Maji hayakuwa yakifika chini.

Alilitoa bomba lile, akalikata kwa msumeno, akaniwekea vipande viwili mkononi. Ndani kutu ilikuwa imejipanga matabaka, kama magamba ya kitunguu. "Hii haikuanza mwaka huu," alisema. "Nani alikuwa anaweka maji matupu?"

Nilitazama kwenye kibini, lile dumu.

Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, na kila unapoongeza maji ya bomba, au ya korongoni, unaizimua. Baba aliizimua miaka mingi, mimi nikaendeleza. Maji tuliyokuwa tunaongeza ili kufidia yaliyopotea ndiyo yaliyokuwa yakilila bomba kutoka ndani na kulipanua tundu. Nikiwa nimeshika chuma kile mkononi nikaikumbuka katoni ya juisi ya embe, jinsi nilivyokuwa naishusha kwa mikono miwili pale barazani, na mama akisema Mungu akubariki mwanangu.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitegemea. Nilipokuwa narudi mjini siku ile, gari limefungwa bomba jipya na limejazwa kulanti mpya, nusu kwa nusu, nilimkumbuka baba wa miaka yake miwili ya mwisho. Alikuwa amekonda. Mkanda aliutoboa matundu mapya kwa msumari, moja, kisha jingine, kisha la tatu, na sisi watoto wake tulisema mzee amezeeka, mzee siku zote ni mwembamba, ndiyo umbo lake. Alikuwa akikonda kwa tundu moja moja la mkanda. Hatukumpeleka popote mpaka siku aliyoshindwa kuinuka, na siku hiyo tulikuwa tumechelewa. Sijui kilichomchukua. Sitakijua kamwe, na hakuna mzee wa Ipogolo wa kunionyesha kwa kioo.

Mkanda ule ninao. Uko kabatini, matundu matatu ya msumari pembeni ya yale ya kiwandani.

Pikapu imemaliza miezi saba sasa. Maji yako kwenye mstari ule ule wa wino. Dumu bado liko nyuma ya kiti, ila ndani yake kuna kulanti iliyochanganywa tayari, na vumbi limejaa kifunikoni. Daftari sikuliacha. Ukurasa wa kushoto ni wa gari, wa kulia ni wa mama, maana mtoto wa dada yangu amejifunza kutumia kile kipimo kidogo na hunitumia namba kila asubuhi kabla hajaenda shule. Jumamosi huwa nalala Ilula.

Wiki iliyopita nilifika nikakuta mama yuko shambani, amejifunga kanga kiunoni, anapalilia. Aliinuka, akanisubiri nishuke, akaiangalia pikapu kama anavyoangalia mjukuu aliyetoka hospitali.

"Bado linapenda maji?"

"Hapana, mama."

"Jana usiku nimetoka mara moja," akasema. "Kaandike."